Mbwa wa jirani ameharibu gari: nani alipe?

Ndugu zangu watazamaji wa Mbeya, Iringa, Njombe na kwingineko, nawasalimu kutoka Ujerumani. Jambo la leo limetokea Uyole, jijini Mbeya, nyumbani kwa dada yangu, na kwa kuwa baadhi yenu mmeniandikia visa vinavyofanana nalo, nimeona nilieleze kwa utaratibu.

Baridi ya Juni na Julai ya Uyole mnaifahamu. Gari likizimwa jioni, injini hubaki na joto kwa muda, na paka hupenda kujipenyeza humo ili walale. Mbwa wa jirani, ambaye hufunguliwa kila usiku, alimfuata paka hadi uani kwa dada, akalitafuna bampa la mbele la Toyota IST mpaka likapasuka, akang'oa kava la plastiki la chini ya injini, akakata nyaya za taa na kuikwaruza rangi ya boneti. Jirani alipoulizwa alisema kwanza kwamba huyo si mbwa wake. Alipoonyeshwa picha, akasema mbwa ni mnyama na hana akili.

Jibu hilo la pili huwanyamazisha watu wengi, nami sioni sababu, kwa maana hakuna anayemshtaki mbwa. Anayedaiwa ni mtu aliyemfungulia akijua kwamba uzio wake una mapengo.

Hapa ninapoishi suala hili lina njia fupi. Kifungu cha 833 cha sheria ya madai ya Ujerumani, ambayo ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1900, kinamtaka mwenye mnyama alipe hasara iliyosababishwa na mnyama huyo, hata kama yeye mwenyewe hakufanya uzembe wowote. Anayeweza kujitetea kwa kuonyesha kwamba alimsimamia mnyama wake ipasavyo ni yule ambaye mnyama huyo wa kufugwa ni sehemu ya kazi au riziki yake, kama mchungaji na mbwa wake wa kuchunga kondoo. Isitoshe, katika majimbo kama Berlin, Hamburg na Niedersachsen, mwenye mbwa analazimika kuwa na bima ya kulipia hasara ambayo mbwa wake atawasababishia wengine, hivyo madai mengi huishia kwa kampuni ya bima na majirani wakaendelea kusalimiana.

Tafadhali msikichukue kifungu hicho mkaenda nacho kwa mwenyekiti wa mtaa wa Uyole. Kwetu Tanzania Bara, sheria ya madhara, yaani ya kudai fidia kwa hasara uliyosababishiwa na mwingine, inasimama juu ya kanuni za mahakama za Uingereza tulizozirithi kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na kwa kanuni hizo mwenye mbwa hawajibiki kwa sababu tu mbwa ni wake. Mdai anapaswa kuonyesha ama kwamba mwenye mbwa aliifahamu tabia mbaya ya mbwa huyo, ama kwamba alifanya uzembe na uzembe huo ndio uliozaa hasara.

Hapo ndipo malalamiko ya maandishi yanapopata thamani ambayo watu wetu huipuuza. Mbwa akivunja banda la kuku la mtu, sisi husema yaishe, ni jirani, tutazikana. Ni utu mzuri, lakini siku mbwa huyohuyo atakapotafuna gari, mwenyewe atasema hajawahi kusikia kwamba mbwa wake ana tabia hiyo, na hakutakuwa na karatasi ya kumkanusha. Dada yangu alisaidiwa na mama mmoja wa mtaa uleule ambaye alikuwa ameshapeleka malalamiko ya kuku wake, nayo yakaandikwa katika daftari la ofisi ya mtaa pamoja na jina la mwenye mbwa. Daftari lilipofunguliwa, jirani hakurudia tena kusema kwamba hakujua. Hata kama mnakusudia kusamehe, sameheni baada ya kuandika.

Kuhusu mbwa ni wa nani, msilioshe gari kabla ya kulipiga picha, kwa sababu manyoya yaliyonasa kwenye bampa na nyayo za matope juu ya boneti ni ushahidi ambao ndoo moja ya maji inaumaliza. Mwiteni mwenyekiti au balozi wa nyumba kumi aone kwa macho yake. Vilevile ulizeni kwa afisa mifugo wa kata, kwa kuwa mbwa akichanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, cheti huandikwa jina la mwenye mbwa, na ni vigumu kwa mtu kumkana mbwa aliyempeleka kuchanjwa yeye mwenyewe.

Kiasi cha kudai nacho kina adabu yake. Fidia inakusudia kulirudisha gari katika hali liliyokuwa nayo jana, kwa hiyo bampa lililokuwa limeshapigwa rangi mara kadhaa halidaiwi kama bampa jipya, na mkwaruzo wa zamani wa mlango wa nyuma hauingizwi kwenye hesabu kwa ujanja. Chukueni makadirio ya maandishi kutoka gereji mbili, yakitenganisha kazi ya fundi bodi, ya fundi rangi na ya fundi umeme, kisha yaambatanisheni na barua ya madai yenye tarehe ya mwisho ya kujibu. Mkishindwana mbele ya mwenyekiti, shauri linaweza kupelekwa kwenye usuluhishi wa Baraza la Kata, na likishindikana huko mtafuteni wakili kabla ya kwenda mahakamani. Madai ya madhara ya aina hii yana ukomo wa miaka 3, kwa hiyo hakuna haja ya kukurupuka, ila ushahidi hausubiri. Na wanaofikiria kumwekea mbwa sumu wajue kwamba ukatili huo ni kosa chini ya Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na mdai atageuka mshtakiwa.

Jirani wa dada amekubali kulipa sehemu sasa na sehemu nyingine atakapouza viazi vyake. Makubaliano yameandikwa mbele ya mwenyekiti na mashahidi, na malipo yanapitia kwenye simu ili yaache kumbukumbu.

Neno kuhusu bima, maana wengi mmeniuliza. Bima ndogo, ile ya mtu wa tatu, hulipia hasara ambayo gari lako limemsababishia mwingine. Bampa lako lililotafunwa na mbwa haliihusu. Mwenye bima kubwa anaweza kulipwa, kulingana na masharti ya mkataba wake, akibeba mwenyewe kile kiasi cha mwanzo kilichoandikwa humo. Hata hivyo kampuni ikishamlipa, hupata haki ya kumdai jirani kwa niaba yake, na ndiyo sababu mwenye bima hiyo hapaswi kusaini karatasi yoyote ya kwamba hamdai tena jirani kabla hajaitaarifu kampuni yake ya bima.