Siku ya Mwisho Lisbon: Dhahabu ya Kilwa Ndani ya Kioo

JUMA: Karibuni tena wasikilizaji. Dada Rehema karudi salama kutoka Ureno, yeye, shemeji na watoto. Dada, ya Lisbon ni mengi, ila leo nataka unisimulie siku ya mwisho tu.

REHEMA: Asante kaka. Ndege ilikuwa ya usiku, kwa hiyo mizigo tuliiacha hotelini, tukapanda tramu namba 15 hadi Belém, kando ya mto Tagus. Ni huko Vasco da Gama aling'oa nanga Julai 1497.

JUMA: Na Aprili iliyofuata yuko Mombasa na Malindi.

REHEMA: Naam. Sasa unajua shemeji yako wazee wake ni wa Kilwa Kivinje. Tangu tunapanga safari alikuwa ameshasema, mengine yote yakikosekana sawa, lakini hatuondoki Lisbon bila kuiona dhahabu ya Kilwa.

JUMA: Tufike huko polepole. Belém mliona nini?

REHEMA: Monasteri ya Jerónimos. Mfalme Manuel wa Kwanza ndiye aliyeijenga, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1500, na sehemu kubwa ya fedha ilitokana na ushuru wa bidhaa zilizotoka Afrika na Asia, pilipili manga na viungo vingine. Mawe yamechongwa kama kamba za merikebu, na mafundo yake! Lilipokuja tetemeko kubwa la mwaka 1755, mji mwingi ulianguka, yenyewe ikabaki imesimama. Ukiingia tu kanisani unakutana na kaburi la Vasco da Gama. Sanamu yake imelala chali, viganja vimeunganishwa kwa sala, na ubavuni mwa jiwe kuna merikebu. Mwanangu akauliza, "Mama, huyu ndiye wa ile nguzo ya Malindi?"

JUMA: Mtoto kasoma vizuri huyo.

REHEMA: Nikamwambia ndiye. Ila hatukukaa sana. Tulikula vile vitobosha vya maziwa na mayai vya Belém, vya moto, umevinyunyizia mdalasini, halafu tukarudi na tramu hadi karibu na Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale, mtaa wa Janelas Verdes. Unapanda ngazi kidogo.

JUMA: Haya, dhahabu sasa.

REHEMA: Ni monstransi, kaka. Ndugu zetu Wakatoliki wanaijua, chombo cha kuwekea Ekaristi waumini waiabudu. Kimo chake ni kama sentimita 73. Katikati wamepiga magoti mitume 12, wadogo, kila mmoja na sura yake, na nguo zao zimetiwa rangi ya enameli. Juu yao ananing'inia njiwa mweupe. Ukisogea zaidi unaona ndege na maua pembeni. Inaaminika sonara wake ni Gil Vicente. Kwenye tako lake, kuzunguka, kuna maandishi: mfalme Manuel aliamuru itengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, ikakamilika 1506. Wameandika QILVA, yaani Kilwa, kwa herufi kubwa.

JUMA: Kwa hiyo hakuna wa kubisha.

REHEMA: Wameandika wenyewe! Mwanangu alichuchumaa akaitafuta herufi kwa herufi mpaka akaipata. Baba yake akashindwa kusema.

JUMA: Tuwaeleze wasikilizaji ile kodi ilivyopatikana. Mwaka 1502 da Gama alirudi, safari hii na merikebu za kivita. Alipotia nanga Kilwa alimtisha mtawala, Amir Ibrahim, kwamba asipolipa dhahabu kila mwaka mji utachomwa. Akalipa. Na bado mwaka 1505 akaja kamanda mwingine Mreno, Francisco de Almeida, mji ukaporwa.

REHEMA: Ndiyo maana mimi siiti zawadi, wala siiti biashara. Ni mali iliyotolewa mtu kashikiwa mzinga. Nilimsifu fundi moyoni, maana kazi yake ni ya ajabu, na papo hapo nilikuwa na hasira. Vyote viwili nilivibeba, na watoto niliwaambia vyote viwili.

JUMA: Na dhahabu yenyewe ilichimbwa bara, nyanda za Zimbabwe, ikashuka bandari ya Sofala, Msumbiji ya leo. Kilwa ndiyo iliyokuwa imeishika ile njia, ndiyo utajiri wa Husuni Kubwa, lile jumba la sultani, na Msikiti Mkuu.

REHEMA: Hapo ndipo ninapotaka mzazi wa pwani anisikie. Watoto wetu wanaambiwa Kilwa ilikuwa tajiri, wanaitikia tu kwa sababu mwalimu kasema. Wakiona Ulaya nzima ilivyokitunza kipande cha utajiri ule nyuma ya kioo, wanaelewa kwamba hatukuwa watu wa kungoja meli za wageni zitufungue macho.

JUMA: Kwa anayekwenda, asikosee siku?

REHEMA: Jumatatu asiende, makumbusho na monasteri vyote vinafungwa. Na asiiweke ya mwisho kama tulivyofanya sisi, macho yote kwenye saa. Aiweke mapema, apate muda wa kuizunguka.

JUMA: Watoto wameridhika?

REHEMA: Wameanza kudai Kilwa Kisiwani! Likizo ya Desemba tunakwenda, Mungu akijalia. Kibali tutakata Kilwa Masoko, kisha mashua.

JUMA: Mniwekee nafasi, na mimi nije na wanangu.