Kisima Hakikukauka, Kilifungwa

Mhadhara kuhusu kusoma na kuchora takwimu za visima vya gesi, Tanga

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Nashukuru mmeacha shughuli zenu na joto hili mkaja kusikiliza habari za gesi, wakati Tanga yetu haina kisima kinachozalisha hata kimoja. Bomba linaloishia Chongoleani, lile la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, ni la mafuta ghafi. Gesi ya nchi hii inatoka kusini. Songo Songo, kule Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974 na uzalishaji ukaanza 2004. Mnazi Bay, Mtwara, iligunduliwa 1982 ikaanza kutumika 2006. Lakini takwimu hazikai kisimani. Kijana mwenye kompyuta mpakato hapo Ngamiani anaweza kuzisoma za Mtwara, akasoma na za Marekani, na kazi hiyo nataka muijue.

Nianze na dagaa. Mzee wangu hapa mbele amevua miaka mingi. Mzee, mbalamwezi ikiwaka mnatoka? Mnaona anatikisa kichwa. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza; mwezi ukiwa mpevu taa haivuti kitu, vyombo vinapumzika. Sasa aje mtu na daftari la pale Deep Sea, soko letu la samaki, aone wiki moja ndoo zimejaa na wiki inayofuata hakuna kitu, aandike: bahari imeisha samaki. Mtamcheka. Basi kosa hilohilo nimeliona likifanywa kwa visima vya gesi, na watu wenye shahada.

Tazameni ukutani. Kisima hiki nimekitunga kwa ajili ya leo, msikitafute popote. Januari kimetoa futi za ujazo milioni 310. Februari, milioni 280. Machi, milioni 118. Aprili, milioni 288. Nikiiambia programu ichore grafu ya jumla za mwezi, mstari unatumbukia Machi kama jiwe. Sasa naongeza safu moja tu, siku ambazo kisima kilikuwa wazi: 31, 28, 12, 30. Gawanyeni. Januari milioni 10 kwa siku. Februari 10. Machi 9.83. Aprili 9.6. Shimo limekwenda wapi? Halikuwepo. Kilichopo ni kushuka taratibu, kwa kawaida ya kisima chochote cha gesi.

Mimi mwenyewe niliwahi kuingia shimo hilo. Nilikuwa mgeni kazini, nikachora jumla za mwezi, nikaandika ripoti kwamba kisima kinakufa. Fundi mmoja wa mitambo akaisoma, akaniuliza kwa upole, “Mwanangu, uliangalia siku? Hicho tulikifunga tukibadilisha vali.” Hakuongeza neno. Tangu siku hiyo sichori kitu kabla ya kuitafuta safu ya siku, na faili lisilokuwa nayo nalirudisha kwa aliyenipa.

Kisima hufungwa au kubanwa kwa sababu nyingi. Hapa kwetu sehemu kubwa ya gesi huchomwa kuzalisha umeme. Mvua zikinyesha na mabwawa yakajaa, mitambo ya gesi inaweza kupunguzwa, na visima vikabanwa huku gesi iko tele chini. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji limeanza kuingiza umeme mwaka 2024, kwa hiyo anayesoma takwimu za gesi za miaka hii azisome na habari za maji mkononi. Grafu inajua kiasi kimeshuka. Haijui kama kilichokosekana ni gesi au mnunuzi.

Wa kutuambia ni presha. Kisima kikifungwa kikatulia, presha ya mwambani hupimwa. Presha hiyo hurekebishwa kidogo kwa tabia ya gesi yenyewe, kisha huchorwa dhidi ya jumla yote iliyokwisha kutolewa. Kama mwamba ni chumba kilichofungwa pande zote, nukta hujipanga karibu na mstari ulionyooka. Uvute mstari mpaka sifuri, utasoma gesi iliyokuwepo tangu mwanzo. Nauthamini mchoro huu kuliko yote. Ila maji yakiwa yanapanda kutoka chini na kuisukuma gesi, presha hujishikilia, na mstari utakuahidi gesi ambayo haipo.

Kuhusu sifuri, nitasema haraka: sifuri si sawa na nafasi tupu. Sifuri ni taarifa kwamba hakikutoka kitu. Nafasi tupu ni kwamba hakuna aliyeandika. Programu nyingine hujaza sifuri penye tupu bila kukuuliza, basi kagua. Na kwenye majedwali ya Marekani herufi M moja ni elfu, ile ya Kirumi. Milioni huandikwa MM. Ukisoma M kuwa milioni umekosea mara elfu.

Sasa utabiri. Mwaka 1945 mhandisi J. J. Arps aliandika hesabu za jinsi visima vinavyoshuka, na mpaka leo programu zinazitumia. Anza na milioni 10 kwa siku, kiwango cha kushuka cha kuanzia kiwe asilimia 10 kwa mwaka. Njia yake ya kwanza inashika kiwango hichohicho daima. Ya pili inakiacha kilegee kadiri miaka inavyokwenda. Mwisho wa mwaka wa kwanza, ya kwanza inatoa 9.05 na ya pili 9.07. Nani atazitofautisha? Zipelekeni miaka 20: moja imebaki na 1.35, nyingine 2.5. Mtu anayekuuzia mradi atakuonyesha ile ya pili. Muulize ana miaka mingapi ya takwimu nyuma ya mstari wake.

Tuje kwenye ramani. Natumia QGIS, programu ya bure. Tanga iko latitudo 5.07 kusini, longitudo 39.1 mashariki, na kusini huandikwa kwa alama ya kutoa. Isahau alama hiyo, kisima chako kitatua Ethiopia. Badilisha safu mbili hizo nafasi, kitatua Hispania, bara kabisa. Makosa haya ni mepesi kwa sababu yanapiga kelele. Linalonyamaza ni la ramani zetu za zamani zilizopimwa kwa mfumo wa Arc 1960: ukizisoma kana kwamba ni za GPS, kila kisima kinasogea karibu mita 300, na kwenye skrini kila kitu kinaonekana sawa.

Jimbo la Pennsylvania, Marekani, huweka wazi takwimu za kila kisima: kiasi cha gesi, siku za uzalishaji, mahali kilipo. Ni shule nzuri na haina ada. Lakini kule visima kadhaa huchimbwa kutoka uwanja mmoja, kisha kila kimoja kinakata kona chini na kwenda mlalo kilomita moja, mbili au zaidi. Nukta ya ramani ni mdomo wa kisima. Gesi inatoka mbali na hapo.

Kuna binti ameinua mkono. Anauliza kama akiiambia programu ipake rangi eneo zima, nyekundu penye gesi nyingi, itakuwa kosa. Swali zuri sana, mwanangu. Programu itapaka rangi hata pale ambapo hakuna aliyewahi kuchimba; inakisia kutoka kwa majirani. Paka ukitaka, lakini acha nukta za visima zionekane juu ya rangi, ili mwenye shamba aone mwenyewe ni wapi palipimwa.

Haya, fungueni mashine. Faili nililowagawia lina visima 6. Kimoja nimekinyima siku zake na kingine nimekipeleka Hispania. Vitafuteni, mimi nazunguka.