Hali Ngapi? Za Mashine Gani?

Assalamu alaikum ndugu zangu wa Lamu. Nimekuja na neno lilelile ambalo wengine mshanisikia nikilipigia kelele: mtu akikwambia lugha fulani regula (seti ya mifuatano ya herufi ambayo otomata, yaani mashine yenye kumbukumbu ya kikomo, yaweza kuitambua) ni ngumu kwa sababu ina hali nyingi, yaani mambo mengi ya kukumbuka, muulize, hali za otomata gani? Bila kutaja mashine hajapima kitu.

Hebu kaeni pale jetini muandike vyombo vinavyofunga, jahazi ni j, mashua ni m, basi. Swali moja tu: chombo cha tatu kutoka mwisho kilikuwa jahazi? Otomata isiyokisia, ile ambayo kila herufi huipeleka kwenye hali moja tu, haijui orodha itakatika wapi, chombo chochote chaweza kuwa cha mwisho, kwa hivyo lazima ishike vyote vitatu vya karibuni, jjj, jjm, jmj, mpaka mmm, hali 8. Najua kuna anayetaka kuzipunguza. Haya, changanya mjm na mmm ziwe hali moja. Sasa kiingie chombo kimoja zaidi, chochote kile: huku cha tatu kutoka mwisho ni j, kule ni m, majibu mawili tofauti na mashine yako ishasahau! Hiyo ndiyo hoja ya wanahisabati Myhill na Nerode, na hakuna ujanja wa kuikwepa.

Peleka swali hadi chombo cha 20 kutoka mwisho, hali zafika 1,048,576. Ile inayokisia je, inayokubali orodha iwapo kuna kisio hata kimoja kinachofaulu? Inabahatisha "ni hiki hapa" halafu inahesabu vilivyobaki, hali 21, kwisha. Na ukiisoma orodha hiyohiyo kuanzia nyuma, hata isiyokisia yatosheka na 22. Sasa ugumu uko kwenye lugha au kwenye upande ulioanzia kusoma?

"Mwalimu, basi tuhesabu za inayokisia." Hapana jamani! Isiyokisia ndogo kabisa ni moja tu, na tangu 1971 Hopcroft alishatupa njia ya kuipata upesi. Inayokisia ndogo kabisa zaweza kuwa kadhaa, na kuitafuta, Jiang na Ravikumar walithibitisha mwaka 1993, ni tatizo PSPACE-kamili, yaani katika kundi la matatizo magumu ambayo hakuna njia ya upesi inayojulikana ya kuyatatua. Kipimo usichoweza kukifikia utakipimia nini?

Kuna pia kina cha nyota cha Eggan, 1963, yaani nyota (alama ya kurudiarudia) ngapi lazima ziingiane moja ndani ya nyingine unapoiandika lugha kwa fomula, hicho nakiruka, ila mjue ilichukua mpaka 1988 Hashiguchi kuonyesha kwamba chaweza kukokotolewa. Na Schützenberger, 1965, hakuhesabu hali hata kidogo, alitazama monoidi ya lugha yenyewe, yaani aljebra ya jinsi vipande vya mifuatano vinavyoungana, na kwake ile lugha yetu ya hali milioni ni katika zile nyepesi: ukiruhusiwa kukanusha, yaani kusema "kila kisichokuwemo humu", waiandika bila nyota hata moja.