Kwanza Mtoto Apulize Mapovu

Assalaam aleikum walimu, na nyinyi wazazi wenzangu. Leo tunazungumzia namna ya kumfundisha mtoto kuogelea mtindo huru, yaani freestyle.

Ukisimama Forodhani, pale ufukweni Mji Mkongwe, Zanzibar, jioni, utawaona vijana wetu wakijitosa baharini kutoka ukutani. Ujasiri wanao. Lakini watazameni wanavyorudi: kichwa juu, shingo imekakamaa, miguu inaning'inia, na hawajafika mbali wameanza kuhema. Nguvu hazijawapungukia. Hakuna aliyewafundisha kupumua.

Kikanuni, mtindo huru ni ruhusa ya kuogelea utakavyo. Waogeleaji huchagua kulala kifudifudi na kupokezana mikono kwa kuwa hakuna namna nyingine yenye kasi kama hiyo. Sisi watazamaji macho hutuishia kwenye ile mikono, na mwalimu mgeni wa kazi hii huanza nayo. Hapo ndipo anapomharibu mtoto.

Mwili majini ni kama pembea ya ubao, upande mmoja ukipanda wa pili unashuka. Kifua kina hewa, kinaelea. Miguu ni mizito. Mtoto akiinua kichwa, nyonga zinazama, na kila anapopiga mkono ni kama anapanda mlima. Na kwa nini anainua kichwa? Kwa sababu amebana pumzi. Akija juu inambidi atoe hewa na aingize nyingine kwa wakati mmoja, na muda huo hana. Anapata nusu pumzi, anameza maji, anaogopa. Lakini akiwa ameshaitoa yote chini ya maji, juu anakuja kuvuta tu.

Kwa hiyo mtoto wa miaka sita namsimamisha kwenye maji yanayomfika kiunoni, nami nimo humo humo majini, si ukingoni na filimbi. Anatia mdomo, kisha pua, kisha uso mzima, anaguna "mmm" mpaka mapovu yaishe. Siku ya kwanza hatufanyi zaidi ya hayo na kuelea, na wazazi msininung'unikie.

Nilikuwa na binti mmoja, kila akitaka pumzi anatazama mawingu. Maneno hayakusaidia. Nikaweka kiganja changu usawa wa maji, nikamwambia, "Mwanangu, huu mto wako, ulalie sikio." Akageuka ubavu, bega likapanda, sikio moja likabaki majini, mdomo ukapata hewa pembeni. Baada ya siku chache nikauondoa mkono, naye akaendelea kulala pale pale.

Miguu nayo isipigwe kama anaendesha baiskeli. Ianzie nyongani, goti lilegee kidogo, kifundo kilegee kabisa, kama anayetaka kandambili imtoke mguuni. Mikono ije mwisho: mmoja ubaki umenyooka mbele ya bega, umngoje mwenzake afike ndipo nao uvute.

Yale maboya ya kuvalisha mikononi mimi siyapendi. Yanamzoesha mtoto kukaa wima, na yanamhadaa mzazi aende kupiga soga. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Mdomo wake unatafuta hewa, sauti ataitoa wapi? Kaeni mahali ambapo mkono wenu unamfikia.

Haya, tushuke. Nusu saa inawatosha wadogo. Mliokuja na kanga au taulo, ziwekeni karibu na ngazi, maana mtoto akishaanza kutetemeka hawezi tena kutoa pumzi polepole, na huyo tunamtoa hata kama analia kutaka kubaki.