Love Actually: sifa zote amepewa mtu wa mlangoni

Haya wapendwa, habari za huko nyumbani? Karibuni tena. Leo sina habari za viza wala za kodi ya nyumba, leo tunaongea muvi. Huku Uingereza kila ikifika Desemba, ukiwasha televisheni lazima ukutane na Love Actually. Ni ya mwaka 2003, kaiandika na kuiongoza Richard Curtis, na iliingiza zaidi ya dola milioni 240 duniani. Hapa Reading, kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, kuna bibi anamtangulia mwigizaji kusema maneno. Na nyie huko mmeanza kunirushia vipande WhatsApp: "Dada, mapenzi ndiyo haya, tutafutie mzungu wa hivi."

Sasa ngoja tusemezane.

Kipande mnachonitumia wote ni kilekile cha mlangoni. Mkesha wa Krismasi, Mark anagonga kwa rafiki yake wa chanda na pete, Peter. Anayefungua ni mke, Juliet, ndiye Keira Knightley. Mark kabeba redio inayopiga nyimbo za Krismasi pamoja na mabango ya karatasi, anayafunua moja baada ya jingine, kimya kimya, kumwambia kwamba anampenda. Peter yuko ndani kajikalia zake. Mke anamwambia ni waimbaji wa Krismasi. Halafu, Mark akishaondoka, mke anamkimbilia barabarani na kumbusu!

Jamani, huyo ni shemeji yake. Tena Mark ndiye alikuwa mpambe wa bwana harusi! Ingekuwa mtaani kwetu, jirani angeshamwita mjumbe zamani. Na anayefanyiwa hayo ni Chiwetel Ejiofor, mtoto wa London wa wazazi wa Kinigeria, ambaye baadaye aliteuliwa kuwania Oscar. Mwigizaji wa kiwango kile, humu kapewa kazi ya kuoa na kukaa sebuleni.

Ukitoka hapo, hesabu mabosi. Waziri Mkuu, Hugh Grant, anampenda binti anayemletea chai. Mwandishi, Colin Firth, anamposa dada wa Kireno anayemfanyia usafi, na hawajawahi kuelewana hata sentensi moja. Bosi wa ofisini na sekretari wake. Halafu yule binti wa chai kila saa anasemwa mnene. Mnene wapi? Bibi yangu angemwongezea ugali. Curtis mwenyewe mwaka 2022, kwenye televisheni ya Marekani, alisema ile hali ya muvi kukosa mchanganyiko wa watu inamfanya ajione mjinga kidogo. Hayo kasema yeye, mimi nimepokea.

Lakini sizimi televisheni, na sababu ni wanawake wawili.

Wa kwanza ni Karen, Emma Thompson. Kakuta mkufu wa dhahabu kwenye koti la mumewe, yule bosi wa ofisini, akajua zawadi yake hiyo. Siku ya kufungua, anakuta CD ya Joni Mitchell. Mkufu umeenda kwa sekretari. Anaomba udhuru, anaingia chumbani, analia amesimama. Halafu anajifuta machozi, ananyoosha shuka la kitandani, anatoka akiwa na tabasamu kwa sababu watoto wanasubiri kupelekwa kwenye igizo la shule. Lile shuka lilikuwa limenyooka tayari! Mikono tu ilitaka pa kushika. Nani hajamwona mama yake, au shangazi, akifanya vile?

Wa pili ndiye wangu kabisa: Sarah. Ni Mmarekani, anafanya kazi London. Wazazi wamekufa, amebaki na kaka yake Michael, mgonjwa wa akili aliyelazwa. Hawana mtu mwingine, wako ugenini, mzigo ni wake. Kuna Karl wa ofisini, Sarah anampenda kwa zaidi ya miaka miwili bila kusema. Baada ya sherehe ya kazini, Karl anamsindikiza mpaka nyumbani. Sarah anamwambia nisubiri kidogo, anajificha pembeni, anaruka ruka kwa furaha bila kutoa sauti. Wanaingia ndani. Simu inaita. Ni Michael, anataka aunganishwe na Papa usiku huo. Inaita tena. Karl anauliza: ukipokea, atapona? Sarah anasema hapana. Basi usipokee.

Anapokea.

Wenzangu kazini wanasema Sarah mjinga, angezima simu ale raha zake. Nawaangalia tu. Wao mama zao wako vituo viwili vya treni kutoka hapa. Sisi ikiita +255 saa tisa usiku, tumbo linajibu kabla ya mdomo. Unajua hela hazitoshi, unajua hutamponya mtu ukiwa huku, na bado unapokea, kwa sababu anayepiga anataka kusikia kuwa kuna mtu.

Na hapo ndipo ninapogombana na Curtis. Muvi inafunguka uwanja wa ndege wa Heathrow, pale wanakotokea abiria, kwa picha za watu wa kweli wanaokumbatiana. Inafungwa hapohapo, karibu kila mtu kampata wake, hata Mark kaja na marafiki zake. Sarah hayupo. Kazi ngumu kuliko zote kaifanya yeye, na Karl kaondoka na usiku ule ule. Saa mbili na robo za muvi, na nusu saa iliyo na maana wameibana katikati ya vichekesho vya unene.

Sasa niandikieni hapo chini. Ungekuwa Sarah, ungepokea? Na wale mnaomtetea Mark, tafadhali andikeni na namba ya simu ya mke wa rafiki yenu, nimuulize yeye anaonaje.