Jiji la Fitzroy, 1858–1994: Historia na Jiografia ya Halmashauri Iliyofutwa

Waheshimiwa wageni waalikwa, walimu wenzangu, na nyinyi wanafunzi wa jiografia,

Mada niliyopewa jioni hii ni serikali za mitaa zilizofutwa, nami badala ya kuzigusa kumi kwa juujuu nimeonelea nichukue moja, tena ndogo, tuitazame kwa karibu. Ni Jiji la Fitzroy, lililopakana na kitovu cha Melbourne katika jimbo la Victoria, Australia. Msisikie neno "jiji" mkaifikiria Dar es Salaam au Mombasa: eneo lake lote halikufika kilomita nne za mraba, na mtu mwenye miguu mizima angeweza kulimaliza kwa mwendo wa kawaida, kusini hadi kaskazini, kabla saa moja haijaisha. Lilifutwa tarehe 22 Juni 1994. Ninachotaka kukionyesha ni kwamba mpaka wa halmashauri, hata kama ulichorwa na karani mezani, ukikaa muda mrefu huingia katika mawe, mitaro na kuta za nyumba, na hapo sheria ya kuifuta halmashauri haiwezi tena kuufuta mpaka.

Tuanze na ardhi yenyewe. Ni nchi ya Wawurundjeri, wenyeji wa asili wa Australia, ambao walikuwapo muda mrefu mno kabla Melbourne haijaanzishwa mwaka 1835. Miaka minne tu baadaye, mwaka 1839, serikali ya kikoloni ilianza kupiga mnada mapande makubwa ya ardhi kaskazini-mashariki mwa mji huo mchanga, na kila mnunuzi akalikata pande lake vile alivyotaka na kuviuza viwanja kwa faida. Hapakuwa na mchoro mmoja wa mipango miji. Ndiyo maana hadi leo ukiitazama ramani ya Fitzroy ya kusini utaona vichochoro vinavyoanza vizuri, kisha vikagonga ukuta na kuishia hapo, au vinavyopinda ghafla bila sababu yoyote ya kijiografia; sababu ni kwamba pale ndipo pande la tajiri mmoja lilipoishia na la mwingine kuanza. Eneo hilo kwanza liliitwa Newtown, na mwaka 1850 likawa kata ya Jiji la Melbourne kwa jina la Fitzroy, kwa heshima ya Charles FitzRoy, aliyekuwa Gavana wa New South Wales.

Upande wa mashariki kata hiyo ilipakana na Collingwood, na mpaka ulikuwa Barabara ya Smith. Hapa naomba tusimame kidogo, maana barabara hii ndiyo moyo wa mhadhara wangu. Ukiwa upande wa Fitzroy umesimama juu, na ukivuka tu kuelekea mashariki, ardhi inaanza kuteremka hadi kwenye tambarare ambayo zamani ilikuwa na kinamasi. Maji hayajui mpaka wa kata. Mvua iliyonyesha Fitzroy, pamoja na kila kilichotupwa barabarani, ilishuka kwa majirani wa Collingwood, nao hawakuwa na namna ya kuirudisha. Juu ya hayo kulikuwa na sheria. Sheria ya Ujenzi ya Melbourne ya mwaka 1849, iliyokusudiwa kuzuia moto, ilitaka nyumba zijengwe kwa vifaa visivyoshika moto kwa urahisi. Fitzroy, kwa kuwa ilikuwa kata ya Melbourne, ilibanwa na sheria hiyo, kwa hiyo ikajengwa kwa matofali na mawe. Collingwood haikubanwa, na vibanda vya mbao vikajipanga kwenye viwanja vyembamba kabisa. Barabara moja, yenye upana wa kawaida tu, ikatenganisha matofali na mbao, juu na chini, pakavu na matope. Sijui mfano mwingine unaomwonyesha mwanafunzi kwa uwazi kiasi hiki jinsi sheria inavyogeuka kuwa mandhari.

Mwaka 1858 wakazi wa Fitzroy walijitenga na Melbourne wakawa manispaa yao wenyewe. Manung'uniko yao tunayajua sote, kwa sababu ndiyo yale yale yanayosikika katika kila kikao cha wananchi na diwani wao: kodi tunalipa, barabara hatuzioni. Manispaa ikapanda hadhi kuwa mji mwaka 1870 na jiji mwaka 1878. Ukumbi wake katika Barabara ya Napier ulijengwa kwa awamu mbili, kuanzia miaka ya 1870 hadi karibu na 1890, wakati Melbourne ilipokuwa imelewa utajiri wa dhahabu na biashara ya ardhi, na ukubwa wake, nguzo zake na mnara wake havilingani hata kidogo na udogo wa eneo uliokusudiwa kulihudumia. Mimi husema, nusu kwa utani, kwamba halmashauri ndogo hujenga ukumbi mkubwa kwa sababu ile ile mtu mfupi huvaa kofia ndefu.

Lakini kazi halisi ya halmashauri ilikuwa chini, vichochoroni. Melbourne haikuwa na mfumo wa mabomba ya majitaka hadi mwishoni mwa karne ya 19. Bodi ya kusimamia kazi hiyo iliundwa mwaka 1891, na nyumba za kwanza ziliunganishwa mwaka 1897. Kabla ya hapo kinyesi kilizolewa usiku kwa mikokoteni. Vichochoro vya nyuma vilitandikwa mawe meusi ya basalti, na mawe hayo yalipangwa yakiinama kuelekea katikati ili maji yapate njia. Ukipita leo, tazama chini ya kuta za nyuma: bado kuna milango midogo, haimtoshi mtu kupita, mingine imezibwa kwa matofali ya rangi tofauti. Hapo ndipo mzoaji alipoingiza mkono na kuivuta ndoo ya choo. Kaskazini kidogo kulikuwa na mtaro mkubwa wa wazi wa Reilly, uliopeleka maji mashariki kuelekea Mto Yarra. Uliwafurikia watu wa Collingwood na kuwakera kwa miaka mingi. Barabara iliyopita hapo sasa inaitwa Alexandra Parade.

Viwanda vilifuata. Mwaka 1880 kijana Macpherson Robertson alianza kupika peremende katika bafu la nyumba yao, Barabara ya Argyle, na biashara hiyo ikakua hadi ikawa kundi la viwanda vilivyopakwa rangi nyeupe, watu wakavibatiza "Jiji Jeupe". Matajiri walihamia mbali, nyumba zao zikakatwa vyumba vya kupangisha, na kufikia miaka ya 1930 Fitzroy ilihesabiwa kuwa mtaa wa mabanda. Tume ya Nyumba ya Victoria, iliyoundwa mwaka 1938, hatimaye ilibomoa eneo zima kati ya Barabara za Brunswick na Napier na kusimamisha minara minne ya ghorofa 20, kwa vipande vya zege vilivyomiminwa kiwandani na kuletwa kwa malori. Katika minara hiyo ya Atherton Gardens waliishi baadaye Wavietnamu, na kuanzia miaka ya 1990 familia nyingi kutoka Pembe ya Afrika.

Wahamiaji wa kabla yao walikuwa Waitaliano na Wagiriki. Katika bwawa la kuogelea la Fitzroy, lililofunguliwa mwaka 1908, upande wa kina kirefu kuna maandishi makubwa ukutani: AQUA PROFONDA. Yalichorwa miaka ya 1950 ili kuwatahadharisha watoto wa Kiitaliano waliokuwa wakijitosa bila kujua kina. Maana yake ni "maji marefu", na yameandikwa kwa makosa, kwa kuwa Kiitaliano sahihi ni "acqua". Leo yanalindwa kama urithi wa jimbo lile, pamoja na kosa lake.

Sasa tufike kwenye mwisho wake. Serikali ya jimbo ya Jeff Kennett, iliyoingia madarakani mwaka 1992, ilizipunguza halmashauri za Victoria kutoka 210 hadi 78. Fitzroy iliunganishwa na Collingwood na Richmond, pamoja na vipande vya majirani, kuwa Jiji la Yarra. Madiwani waliondolewa, makamishna wakateuliwa, na uchaguzi haukufanyika hadi 1996. Kwetu si hadithi ngeni. Tanzania ilizifuta halmashauri mwaka 1972 kwa sera ya Madaraka Mikoani, na za mijini zikarudi mwaka 1978. Dar es Salaam nayo ikaendeshwa na Tume ya Jiji kuanzia 1996 hadi 2000. Sababu zinazotolewa huwa ni gharama na ufanisi, na siwezi kusema kwamba hazina uzito: kilomita nne za mraba ni kidogo kweli kwa kuwa na meya, mkurugenzi na mhandisi wake.

Hata hivyo, angalieni kilichotokea. Miezi michache baada ya muungano, makamishna walitangaza kulifunga bwawa lile. Wakazi waliandamana, wakalikalia, na hawakuondoka hadi uamuzi ukabatilishwa. Hawakuwa wakidai kurudishiwa halmashauri, walidai kitu ambacho halmashauri iliyofutwa iliwaachia. Klabu ya mpira wa Kiaustralia ya Fitzroy, iliyoanzishwa mwaka 1883, haikuwa na bahati hiyo. Mwaka 1996 iliunganishwa na ya Brisbane, zaidi ya kilomita elfu moja kaskazini.

Barabara ya Smith haigawi tena halmashauri mbili, kwa kuwa pande zote mbili ni Yarra na kodi inaingia mfuko mmoja. Nyumba za matofali bado ziko upande wake ule ule, na mvua ikinyesha sana, maji bado yanashuka kwenda Collingwood.

Ahsanteni. Nipo tayari kupokea maswali.