Pima Udongo Kwanza: Mhadhara kwa Vijana wa Dodoma

Itifaki imezingatiwa. Mbukwenyi! (Ukumbi: Mbukwa!) Asanteni sana. Mwenyekiti amenipa saa moja, na kwa namna jua linavyolipiga hili bati, nitajitahidi nisiimalize yote.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuigeuza ndoto iwe lengo linalofikika. Najua mada hii mmeshahubiriwa mpaka basi. Anakuja mtu na kipaza sauti chake, anawaambia mfumbe macho, mjione mmekaa ndani ya V8, kiyoyozi kinapuliza, halafu mseme kwa sauti "naweza!" Mnatoka hapo mmechangamka kweli, ila nauli ya daladala mfukoni ni ileile mliyokuja nayo. (Kicheko.)

Mimi sina ugomvi na kuota. Lakini hii ya kufumba macho imeshapimwa, na matokeo yake hayawapendezi wahamasishaji. Mwaka 1991 mwanasaikolojia Gabriele Oettingen na mwenzake Thomas Wadden walichapisha utafiti juu ya wanawake waliokuwa katika programu ya kupunguza uzito. Waliokuwa na imani kwamba wataweza walipungua zaidi. Hapo sawa. Lakini waliokuwa wakijichorea picha tamutamu, jinsi watakavyopendeza wakishapungua, hao walipungua kidogo kuliko wenzao. Maelezo anayoyatoa Oettingen ni kwamba ukiuonja mno utamu wa mwisho kichwani, mwili unatulia kama vile kazi imekwisha. Nguvu ya kuamka alfajiri inaisha kabla hujaamka. Wazee wetu walishaziita ndoto za Alinacha, wala hawakuhitaji maabara.

Sasa niwapeleke Kongwa. Wangapi hapa wametoka Kongwa? Haya, mtanisahihisha.

Baada ya vita kuu ya pili Waingereza walikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Likaja wazo: Tanganyika ina ardhi, tulime karanga, tukamue mafuta, tuwalishe watu wetu. Mwaka 1946 wakaletwa wataalamu kukagua. Walizunguka kwa wiki chache tu, sehemu kubwa wakiitazama nchi kutoka juu kwenye ndege, wakarudi na mpango wa zaidi ya ekari milioni 3. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa. Matrekta yakashushwa, mengine yalikuwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa. Reli ikachepushwa. Watu wakaajiriwa kwa maelfu.

Kilichofuata mnakijua, au babu zenu walikijua. Ule udongo wa Kongwa mvua ikinyesha unalainika, jua likiwaka unakuwa kama sakafu. Karanga, kama mnavyojua, inazaa chini ya ardhi. Sasa ing'oe hapo! Mchanga uliomo ndani ya udongo ule ukawa unasaga majembe ya trekta. Mvua nazo zikafanya kama zinavyofanya huku kwetu miaka yote, zinakuja zinapotaka. Mwaka wa kwanza walilenga ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 10,000. Kufikia Januari 1951 mradi ukafutwa, na zilikuwa zimeteketea takriban pauni milioni 36, za wakati ule.

Mtu akisimuliwa haya husema, "waliota makubwa mno." Mimi sikubali. Nendeni Kongwa leo mkaone kama karanga hazilimwi. Zinalimwa! Mama analima ekari zake mbili, anajua apande lini, anajua avune udongo haujakauka, na gunia linapatikana. Karanga kukubali nchi hii halikuwa tatizo. Tatizo ni kwamba hakuna aliyelima ekari chache kwa misimu miwili mitatu akauangalia udongo ule unafanya nini mwezi wa sita. Na Wagogo, waliokuwa wanalima mtama na uwele kwa sababu wanaijua mvua yao, hawakuketishwa chini kuulizwa. Na hata ule mwaka wa kwanza ulipotoa jibu lake, ekari 10,000 hazikufika, jibu halikusikilizwa. Waliendelea kuongeza mashine.

Kwa hiyo leo nina jambo moja tu la kuwaambia: ndoto yako ina udongo wake, na kazi ya kwanza ni kuupima. Kuupima maana yake ni kujua nini hukijui, kujifunza hicho, halafu kurudi kila mara kutazama ulichofanya kimekufundisha nini. Kuamka mapema na kukaza buti vitakuja baadaye.

Tufanye kwa mfano wa kweli. Nani anipe ndoto? ... Wewe kijana wa shati la bluu. "Nataka kuwa mkulima mkubwa wa zabibu." Safi. Mwana Dodoma kabisa huyu.

Hebu nishike chaki. Mkulima mkubwa, ukubwa wake nini? Ekari ngapi? Hajui bado, hakuna shida, tunaandika "sijui". Shamba liko wapi? "Kwa baba mdogo, Hombolo." Vizuri, hilo tunalijua. Maji? ... Kimya. Mvua ya Dodoma inaanza Desemba, Aprili imeshakwisha, na kwa mwaka mzima kwa kawaida haivuki sana milimita 600. Zabibu tunavuna mara mbili kwa mwaka, na huo ndio utajiri wetu, lakini msimu wa kiangazi unataka maji ya kumwagilia. Kwa hiyo maji ni "sijui" kubwa, ipigie mstari. Nguzo na waya bei gani? Sijui. Mzabibu ukiupanda leo, mwaka wa kwanza haukupi kitu cha maana. Utakula nini wakati unasubiri? Umefikiria? (Kicheko.) Msicheke, hili ndilo linaloua mashamba mengi kuliko ugonjwa wa ubwiri.

Na soko. Hapa naomba tukae kidogo. Zabibu ya mezani na zabibu ya mvinyo ni biashara mbili tofauti. Ya mvinyo ikiiva yote kwa pamoja, na jirani zako wote wakivuna wiki hiyohiyo, mnunuzi ndiye anayepanga bei, kwa sababu zabibu haisubiri. Ndiyo maana wenzetu wengine wanakamua mchuzi wa zabibu na kuuhifadhi kwenye matangi, wanawauzia wenye viwanda baadaye. Kijana, wewe utauza zabibu au mchuzi? Tangi la nani?

Tazameni ubao. "Najua" ni moja tu, "sijui" zimejaa mpaka chini. Mhamasishaji angesema nimemvunja moyo kijana wa watu. Lakini ukimwangalia, kuna kitu amepata ambacho nusu saa iliyopita hakuwa nacho: ana orodha ya kazi. Kila "sijui" ina mtu anayeijua. Makutupora pana kituo cha utafiti wa kilimo, TARI, na zabibu ni kazi yao hasa. Hombolo kwenyewe wapo wazee wenye mashamba. Afisa ugani yupo. Bei ya nguzo ni suala la kupiga simu.

Sasa lengo lake la kwanza liwe lipi? Ekari kumi? Hapana. Mimi ningemwambia hivi: tafuta shamba la mtu, fanya kibarua msimu mmoja mzima, kuanzia siku ya kupogolea mpaka siku ya kuvuna na kuuza. Ni miezi mitatu hadi minne hivi. Unalipwa, na unasoma. Hilo lengo lina mwanzo, lina mwisho, na baada yake hata ukiamua zabibu hazikufai, utakuwa umeamua kwa kujua.

Kuna dada zetu hapa wanaosoma jioni, wanatafuta kufanya QT, ule mtihani wa kupata sifa ya kufanya kidato cha nne. Kwenu kanuni ni hiyohiyo, sitarefusha. Anayetaka uuguzi lazima ajue tangu mwanzo kwamba huko wanaangalia Kemia, Baiolojia na Fizikia. Usikusanye vyeti vya masomo mepesi ukidhani unasogea. Chukua sifa za kujiunga na chuo, rudi nazo nyuma mpaka kwenye ratiba yako ya wiki hii.

Nije kwenye daftari. Watu wakisikia "kutafakari" wanadhani ni kukaa chini ya mwembe na kuangalia mawingu. Ninachosema mimi ni daftari la shilingi chache na kalamu. Kijana wetu akiwa kwenye kibarua chake, jioni anaandika: "Jumatano. Nimepogolea mistari miwili. Msimamizi kasema nimeacha matawi marefu mno. Sijui urefu sahihi ni upi." Basi. Mistari mitatu. Usiandike "leo nimejitahidi sana", hiyo haimfundishi mtu. Andika ulichofanya, kilichotokea, usichokielewa.

Halafu Jumapili, baada ya ibada au wakati wowote ule ulio na utulivu, unasoma wiki nzima kwa pamoja. Hapo ndipo kazi ilipo. Ukiona swali la Jumatano ya wiki iliyopita bado liko palepale, na wiki hii umeliandika tena, jiulize kwa nini. Mara nyingi utakuta unaona aibu kuuliza. Wengi wetu tunashindwa hapo, jamani. Akili ipo, mtaji mdogo upo, ila kumwendea mzee na kusema "shikamoo, babu, hapa sijaelewa, nionyeshe" kunatuwia kuzito. Vijana wa kiume hasa. (Sauti: Kweli kabisa!) Ehe, naona kina dada mmefurahi.

Kwa ajili hiyo kuna mbinu ya mwanasaikolojia wa Kijerumani, Peter Gollwitzer, nayo imefanyiwa majaribio mengi. Badala ya kusema "nitauliza", panga mapema: ikitokea hiki, nitafanya hiki. "Msimamizi akikaa kunywa chai, nitakwenda na mkasi wangu nimuulize." "Nikifika nyumbani na umeme umekatika, nitasoma kwa tochi ukurasa mmoja kabla ya kula." Ni jambo dogo mno, unaweza kuliona la kitoto. Lakini linakuondolea kazi ya kuamua wakati umechoka, na ukichoka unaamua vibaya.

Na tarehe ikipita je? Mji huu wenyewe ni jibu. TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie Dodoma, na mpango ulikuwa wa miaka kumi. Serikali ilianza kuhamia kwa uzito mwaka 2016. Kucheleweshwa si sifa, na sipendi tulitumie hilo kama kisingizio cha uvivu. Lakini tazameni mwishowe kilichobadilika: lile lengo moja kubwa liligawanywa, nani anahama lini, ofisi ipi inajengwa kwenye mji wa serikali wa Mtumba. Tarehe yako ikipita, fungua daftari, tafuta "sijui" ipi ilikukwamisha, panga upya ukianzia hapo.

Nimeletewa karatasi ya swali hapa: "Mwalimu, haya yote mazuri, mtaji je?" Nilijua litakuja. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mnakwenda kama kikundi, mnaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Atawauliza maswali yaleyale yaliyoko ubaoni: maji, soko, mtakula nini mwaka wa kwanza. Kwa hiyo kijana wa shati la bluu, nakili ubao huu kabla haujafutwa. Na yule dada wa nyuma karibu na mlango ameinua mkono siku nyingi, mpeni kipaza sauti.